Ajali Haina Kinga?

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Kutoka 21:28-29, Waefeso 6:5-9

Tunawasalimu ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio shambani na redio mmeitundika mtini, na zaidi ninyi mnaotusikiliza mkiwa ndani ya gari barabarani. Neno la leo ni lenu kwanza.

Kila sikukuu inapokaribia, iwe Pasaka au Krismasi, tunasikia habari ya namna moja katika redio na kuisoma magazetini. Tunaambiwa kwamba askari wa trafiki na maofisa wa NTSA wamesimama kando ya barabara na wanakagua magari. Tunaona picha ya ofisa ameinama akitazama tairi lililokwisha meno, na picha ya matatu iliyozuiwa, abiria wake wamekaa juu ya mizigo yao, wamekasirika. Siku mbili tatu watu wanazungumza jambo hilo sokoni na katika mabaraza. Kisha sikukuu inapita, wapiga picha wanarudi mjini, na barabara inarudia desturi yake.

Leo tunataka kutafakari habari hiyo. Lakini kabla hatujamwonyesha dereva kidole, wala askari, wala mwandishi wa gazeti, yatupasa kusema habari yetu wenyewe. Tutaisema kwa aibu, lakini tutaisema.

Mwaka mmoja, wiki ya Pasaka, kwaya yetu ya hapa Golbanti ilialikwa kuimba Malindi. Tukachanga fedha, tukakodi matatu ya abiria 14. Siku ya safari tukahesabiana, tukawa watu 21 pamoja na watoto, na ngoma mbili, na mfuko wa kanzu za kwaya. Fedha za kukodi gari la pili hazikuwapo, au tuseme kweli, zilikuwapo ila tulitaka zibaki kwa ajili ya chakula. Tukabanana. Tukaomba Mungu atutangulie, tukaondoka alfajiri, tukapita Tarasaa, tukashika barabara kuu ya lami.

Ndani ya gari redio ilikuwa wazi. Habari za asubuhi zikasema kwamba ukaguzi mkubwa wa magari ya abiria umeanza katika Pwani kwa ajili ya sikukuu. Dereva akapunguza mwendo, akatoa simu, akawapigia wenzake waliotangulia. Wakamwambia mahali kizuizi kilipo. Akacheka, akasema, "Redio imetuokoa." Nasi tukacheka pamoja naye.

Kabla ya kufika kwenye kizuizi, gari likasimama. Watu saba wakashuka, akina mama na vijana, wakaingia njia ya mbuzi katikati ya vichaka vya mathenge, ili wazunguke kwa miguu na kutokea mbele. Sisi tuliobaki tukaambiwa tujifunge mikanda. Mingine ilikuwa haina kifungio, tukaishika kwa mkono juu ya paja ili ionekane imefungwa. Kizima moto kilikuwapo chini ya kiti cha dereva, lakini baadaye tulijua kwamba kilikuwa cha kuazima kwa siku ile tu.

Askari akaja, akachungulia dirishani. Akaiona kola ya mchungaji kiti cha mbele. Akasema kwa heshima, "Mchungaji, piteni, mtuombee na sisi." Hakutazama tairi hata moja. Tukapita. Tukawachukua wenzetu saba upande wa pili, wana miiba nguoni na vumbi miguuni, na kabla ya kilomita moja tulikuwa tumeanza kuimba.

Malindi tuliimba vizuri, tukapigiwa makofi. Jioni tukarudi. Mwendo ulikuwa wa kasi kwa sababu giza lilikuwa linakaribia. Tairi la nyuma likapasuka. Gari likayumba, likatoka barabarani, likaingia vichakani. Vichaka vile vile vya mathenge tunavyovilaani kila siku kwa miiba yake ndivyo vilivyolishika gari lisipinduke. Hakuna aliyekufa. Lakini msichana mmoja wa kwaya, ambaye alikuwa amekaa juu ya mfuko wa kanzu kwa kukosa kiti, alivunjika mkono mahali pawili. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wetu. Mkono ulipona, lakini hadi leo haunyooki sawasawa, na ngoma ile hupigwa na mtu mwingine.

Usiku ule tukiwa kando ya barabara tukingoja msaada, tulikusanyika kushukuru. Mchungaji alipomaliza kuomba, mama mmoja mzee alibaki ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, kushukuru tumeshukuru. Kutubu je? Asubuhi tulimdanganya yule askari, nasi tukaimba baadaye."

Hakuna aliyemjibu. Wala hatukuwa na jibu.

Wapendwa wasikilizaji, usiku huo huo redio ilitangaza kwamba ukaguzi wa siku ile umekwenda vema na magari mabovu yamekamatwa. Hatuna sababu ya kusema kwamba habari ile ilikuwa ya uongo. Lakini katika hesabu ile sisi tulikuwa miongoni mwa waliokaguliwa wakaonekana wazima.

Basi hapo ndipo tunapoanza kuelewa. Gazeti na redio zinaweza kuonyesha kizuizi. Haziwezi kuonyesha watu saba wanaozunguka vichakani. Kamera inaona mkanda uliolala juu ya paja, haioni mkono unaoushikilia.

Hatusemi hivi ili kuwadharau waandishi wa habari. Wamefanya kazi kubwa katika nchi yetu. Wazee watakumbuka mwezi wa Februari mwaka 2004, Waziri wa Uchukuzi akiwa marehemu John Michuki. Sheria zake zilianza kutumika tarehe mosi ya mwezi ule: kila matatu iwe na mikanda ya usalama, iwe na spidi gavana ya kuizuia isipite kilomita 80 kwa saa, ichorwe mstari wa manjano, dereva na makanga wavae sare, na abiria wasizidi viti. Magari mengi yalibaki nyumbani, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na redio na magazeti zikawaeleza wananchi siku baada ya siku sababu ya taabu ile. Watu wakavumilia, na kwa muda tukaona barabara zenye adabu.

Lakini miaka ikapita, adabu ikachakaa kama tairi. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana karibu na Sachangwan, watu 36 wakafa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2018, basi lililosafiri usiku lilianguka Fort Ternan, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Ndipo Serikali ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 12 Novemba 2018 sheria zile zile za Michuki zitafuatwa tena. Fikirini jambo hilo, ndugu zetu. Sheria haikuwa imefutwa hata siku moja. Ilikuwa imelala kitabuni, ikangoja mazishi yaiamshe. Tena kamera zikaja, tena magari yakajificha, tena watu wakatembea kwa miguu, na baada ya majuma machache habari ikatoka katika ukurasa wa kwanza. Na vifo havikwisha. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2024, kila mwaka zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Wengi wao hawakupata hata mstari mmoja gazetini.

Sasa tusikie Neno la Mungu.

Tuna methali tunayoipenda sana, hasa penye msiba: ajali haina kinga. Tunaisema tukiwafariji wafiwa, na faraja ni jambo jema. Lakini mara nyingi tunaisema ili kufunga mazungumzo, ili mtu asiulize tairi lilikuwa na umri gani. Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Katika nchi ya Israeli mapaa ya nyumba yalikuwa tambarare, na watu walikaa juu yake wakati wa jioni. Mungu akamwagiza kila mtu ajengaye nyumba mpya kuzungushia paa lake ukuta mdogo wa pembeni, mtu asije akaanguka, na hatia ya damu ikawa juu ya nyumba ile. Mnaona? Sisi tunasema ajali haina kinga. Mungu anasema, jenga kinga. Na tena anasema, usipoijenga, yule aliyeanguka atadaiwa kwako.

Angalieni pia ni nani anayeagizwa. Haagizwi mkaguzi, bali mwenye nyumba. Wala hakuambiwa angoje mtu aanguke kwanza. Ujenzi wa ukuta ule ulikuwa sehemu ya ujenzi wa nyumba yenyewe, kama mlango ulivyo sehemu ya nyumba.

Tena someni Kutoka sura ya 21, mistari ya 28 na 29. Ndugu zetu wafugaji wa Tana River watalielewa somo hili upesi kuliko watu wa mjini. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe atauawa, lakini mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe yule alikuwa na desturi ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, asimfunge, basi hatia inamrudia mwenye ng'ombe, na hatia hiyo ni nzito sana. Tofauti iko wapi? Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Tofauti ni kwamba alionywa.

Basi gari lenye breki mbovu ni ng'ombe apigaye pembe. Ukaguzi wa barabarani ni onyo. Habari ya redio ni onyo. Na mwenye gari aliyeonywa, akaazima kizima moto kwa siku moja ili apite, huyo hawezi tena kusimama kaburini akasema ajali haina kinga. Sisi abiria nasi tulionywa. Tuliyaona matairi yale asubuhi, maana tulipanda tukiyakanyaga ili kufikia mlango. Tuliujua wingi wetu, maana tulijihesabu wenyewe.

Kuna jambo moja katika sehemu zetu hizi ambalo lapasa kutufundisha. Mnajua barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu, inayopita Gamba na Witu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya mwezi wa Juni 2014, mabasi ya njia ile yalisafiri kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Abiria walishuka, wakaonyesha vitambulisho, mizigo ikafunguliwa. Kazi ile ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Lakini ni nani aliyewahi kuzunguka vichakani ili aukwepe ukaguzi ule? Ni nani aliyemwomba askari asitazame ndani ya mizigo? Tulitaka watazame sana. Tulitaka wasiache hata gunia moja.

Kwa nini basi askari akitafuta bunduki tunamwita mlinzi, na akitazama tairi tunamwita msumbufu? Kwa sababu kifo cha bunduki tunakiogopa, na kifo cha tairi tumekizoea. Hapa Golbanti tunayo makaburi ya kutukumbusha hatari za zamani. Ndugu zetu Wamethodisti walipoleta Injili hapa katika miaka ya 1880, mmisionari John Houghton na mkewe waliuawa mwaka 1886. Siku zile watu waliogopa mikuki na homa. Kila kizazi kina hatari yake, na hatari ya kizazi chetu ina magurudumu manne. Kwa mwenye kuomboleza hakuna kifo kilicho chepesi kuliko kingine. Mama aliyempoteza mwanawe kwa tairi analia sawa na yule aliyempoteza mwanawe kwa risasi.

Mtume Paulo, katika Waefeso sura ya 6, anasema na watumwa na mabwana. Anawaonya watumwa wasifanye kazi kwa ajili ya macho ya watu tu, kama wanaotafuta kuwapendeza wanadamu, bali wafanye kwa moyo kama watumishi wa Kristo. Kisha anawageukia mabwana, anawakumbusha kwamba nao wanaye Bwana mbinguni, asiyependelea mtu.

Ugonjwa wa barabara zetu ni utumwa wa macho. Dereva anajifunga mkanda akiona kofia ya askari. Mwenye gari ananunua tairi akisikia tangazo. Askari anakagua kwa bidii kamera ikiwa mbele yake, na kamera ikiondoka anaona kola ya mchungaji anasema piteni. Na mchungaji anaiacha kola yake iwe kibali cha kupitia kizuizini, yeye ambaye angepaswa kufungua mlango na kusema, "Afande, hesabu vizuri, wengine wako vichakani." Katika mnyororo ule wa uongo hatukuwa nje yake. Sisi tulikuwa pete yake ya mwisho, nayo ilikuwa imevaa kanzu.

Wala maandishi ya kioo cha nyuma hayatuokoi. Magari mengi ya nchi hii yameandikwa maneno ya kumtaja Mungu. Ni vema kumtaja. Lakini jina la Mungu halikuwekwa pale lishike nafasi ya breki. Mwenye kuomba Mungu atulinde, huku amekataa ulinzi uliowekwa mkononi mwake, hajafika bado kwenye imani. Huyo anamjaribu Bwana, na Bwana wetu mwenyewe alikataa kufanya hivyo alipopelekwa juu ya kinara cha hekalu.

Basi tufanye nini? Tutasema mambo ambayo tunaweza kuyafanya wiki hii.

Ninyi wenye magari, msingoje sikukuu. Tazameni tairi siku ya kawaida, siku ambayo hakuna atakayewapiga picha. Mkiwa na dereva wa kuajiriwa, msimwekee hesabu ya fedha ya jioni ambayo haiwezi kufikiwa ila kwa kukimbia na kujaza watu. Bwana wa dereva naye ana Bwana mbinguni.

Ninyi madereva na utingo, tunajua kazi yenu ni ngumu na usingizi wenu ni mfupi. Lakini kila mtu anayeketi nyuma yenu ni yule jirani ambaye Bwana Yesu alimtaja katika mfano wa njia ya kwenda Yeriko. Ni afadhali kutomjeruhi kuliko kumfunga vidonda baadaye.

Ninyi askari na wakaguzi, mtu akiwaambia yeye ni mchungaji, mkague gari lake mara mbili. Hatutakasirika. Na mtu akiwapa kitu mkononi ili apite, kumbukeni kwamba anawanunulia sehemu katika damu.

Ninyi waandishi na watangazaji, tunawashukuru. Tunawaomba jambo moja: rudini siku ambayo hakuna sherehe. Njoni Jumanne ya kawaida mkatazame barabara ilivyo.

Nasi abiria, ambao ndio wengi, tuwe na ujasiri wa kushuka. Tuwe na ujasiri wa kusema, "Dereva, polepole," hata kama wenzetu watatucheka. Katika kanisa letu baraza la wazee lilikata shauri baada ya safari ile. Gari la kanisa likikodiwa, wazee wawili hulizunguka kabla ya maombi ya safari, wakatazama matairi, mikanda na taa. Watu wakizidi viti, tunakodi gari la pili au wengine wanabaki. Mwanzoni palikuwa na manung'uniko juu ya fedha. Mzee mmoja aliuliza kama tumekosa imani. Yule msichana wa ngoma alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkono wake juu ya magoti. Mzee akamtazama, akaketi. Tangu siku ile hajauliza tena.

Hatuwezi kuahidi kwamba atakayetazama tairi lake hatapata ajali. Kuna mambo yaliyo nje ya uwezo wa mwanadamu, na huko ndiko methali yetu ina haki yake. Lakini yaliyo ndani ya uwezo wetu Mungu ametuachia sisi, naye atatuuliza juu yake. Ukuta wa paa ni kazi yetu. Yeye ameahidi kuwa pamoja nasi juu ya paa na chini yake pia.

Na kama kuna mtu anayesikiliza leo ambaye mkono wake mwenyewe ulisababisha msiba barabarani, naye ameubeba moyoni miaka mingi bila kumwambia mtu, tunasema na wewe kwa upole. Yule mama mzee hakutuuliza ili atuhukumu. Alitufungulia mlango. Tulitubu usiku ule kando ya barabara, Mungu akatusikia, na asubuhi tukaenda nyumbani kwa wazazi wa yule msichana tukawaomba radhi. Toba ya kweli ina njia ya kwenda kwa Mungu, na ina njia ya kwenda kwa jirani. Usiogope kuzipita zote mbili.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe watuona tukiketi na tukisafiri, penye askari na pasipo askari. Utusamehe uongo wetu wa barabarani. Uwafariji waliofiwa na wenzao katika safari, na uwaponye waliovunjika viungo. Uwape madereva macho ya kukesha, wenye magari mioyo ya haki, wakaguzi uaminifu, na watangazaji ukweli. Utufundishe kuwapenda jirani zetu hata katika mambo madogo kama mkanda na tairi. Utufikishe salama, na siku ya mwisho utufikishe kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.